Kurudisha mikoko kwenye ufuo unaoliwa na bahari: pima maji kwanza, panda baadaye

Ukuta wa zege una kazi yake mjini. Kijiji cha wavuvi kilicho ndani ya hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu), chenye mpunga nyuma ya nyumba na visima vya mikono katikati, hakiwezi kubeba gharama yake. Kinga ya kijiji kama hicho ni mikoko, na mara nyingi ilikuwepo kabla haijakatwa kwa boriti, mkaa au mashamba ya chumvi.

Kinachosikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya mikoko inayopandwa kwa juhudi za kurudisha misitu hiyo hufa. Ufilipino, ambako upandaji ulifanywa kwa miongo kadhaa na kwa fedha nyingi, tathmini zilikuta ni asilimia 10 hadi 20 tu iliyobaki hai baada ya miaka mingi. Sababu kubwa haikuwa mbegu mbovu wala watu wavivu. Miche ilipandwa chini mno, kwenye tope tupu ambalo maji hayaliachi vya kutosha. Tope lile halikuwa na mwenyewe na halikuwa na ugomvi, kwa hiyo likawa rahisi kupandwa. Kosa hilohilo linarudiwa hapa Afrika Mashariki kila siku ya kupanda miti, picha zikishapigwa na wageni wakishaondoka.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji, kamati ya misitu au BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi na ufuo) kinachotaka kurudisha robo hekta au hekta moja na kuikuta imesimama baada ya miaka mitano. Kazi kubwa iko kwenye vipimo. Kupanda ni siku mbili tatu za mwisho.

Mikoko inazuia nini, na nini haizuii

Mikoko haishushi maji. Bamvua (maji makubwa ya kujaa ya mwezi mpevu na mwezi kuandama) likija na usawa wa bahari ukiwa umepanda, maji yatapita kati ya mizizi na kufika yanakofika. Mizizi na mashina huvunja nguvu ya mawimbi: msitu wenye upana wa mita 100 hupunguza urefu wa wimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66, kutegemea aina ya miti, msongamano wake na kina cha maji. Kwa hiyo mstari wa miche wenye upana wa mita 10 ni mwanzo tu, usiwaahidi watu kwamba utaokoa nyumba.

Faida ya pili ni polepole zaidi lakini ndiyo inayohusu miaka ijayo. Mizizi hunasa tope na kuinua ardhi. Katika karne iliyopita na mwanzo wa hii, kati ya 1901 na 2018, usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Msitu wa mikoko wenye afya na unaopata tope kutoka mtoni au baharini unaweza kuinua sakafu yake kwa milimita 1 hadi 10 kwa mwaka. Pale panapoinuka kwa kasi kuliko bahari, msitu unabaki mahali pake. Pasipoinuka, msitu hurudi nyuma kuelekea nchi kavu, kama umeachiwa nafasi.

Kupima urefu wa ardhi kwa kutumia maji yenyewe

Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na kilele cha maji ya bamvua kubwa. Chini ya wastani huo haioti, labda michache ya mbele kabisa. Huna haja ya vyombo vya mpima ardhi kujua uko wapi, kwa sababu maji yakijaa na kusimama katika hori tulivu, uso wake ni bapa. Tofauti ya kina cha maji kati ya mambo mawili, yaani vigingi viwili vya kupimia, ni tofauti ya urefu wa ardhi kati yake.

Tayarisha mambo 12 hadi 15 ya fito zilizonyooka, kila moja mita 2.5, na rangi ya mafuta ya kuweka alama kila sentimita 10 kuanzia usawa wa tope. Yasimike katika mistari mitatu kutoka nchi kavu kwenda majini, moja kila mita 10 hadi 20, yakizama nusu mita ili yasiyumbe. Nunua jedwali la kujaa na kupwa kwa maji la bandari iliyo karibu nawe. Chagua siku ya bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, wakati wa maleleji, pepo zinapobadilika na bahari imetulia. Kusi kali au kaskazi kali husukuma maji na kukupa namba za uongo.

Maji yakifika kilele, watu wawili wapite na mtumbwi na kuandika kina kwenye kila mambo. Yote yasomwe ndani ya dakika 15, kabla maji hayajaanza kupwa. Kama kilele kinaangukia usiku, funga vichupa vidogo vya dawa kwenye mambo, mdomo juu, kimoja kila sentimita 10, vikiwa vikavu. Asubuhi tafuta kichupa cha juu kabisa kilichojaa, hapo ndipo maji yalipofika. Kama ilinyesha, onja. Maji ya mvua hayana chumvi.

Hesabu ni ya kutoa tu. Tuseme jedwali linasema kilele ni mita 3.6. Mambo la kwanza lina maji ya mita 0.4, basi ardhi yake iko mita 3.2 kwa kipimo cha jedwali. La pili lina mita 1.1, ardhi iko 2.5. La tatu lina mita 1.9, ardhi iko 1.7. Usawa wa wastani unaupata katika jedwali hilohilo: jumlisha vimo vyote vya kujaa na vya kupwa vya mwezi mzima, gawa kwa idadi yake. Ukipata 2.0, mambo la tatu liko chini ya wastani na hapo hupandi kitu, hata kama tope lake ni laini na linavutia.

Sasa hesabu ni mara ngapi maji yatafika. Mwezi una vilele 57 au 58. Pita kwenye jedwali na uhesabu vilele vingapi ni zaidi ya mita 2.5, kisha vingapi ni zaidi ya 3.2. Sehemu inayofikiwa na maji mara 50 kwa mwezi na ile inayofikiwa mara 8 si shamba moja, ingawa kwa macho zimeachana mita 30 tu.

Kisha, na hapa ndipo wengi huruka, rudia kipimo hichohicho siku hiyohiyo ndani ya msitu mzima ulio katika hori lilelile. Simika mambo matano sita kati ya miti ya kila aina. Ndani ya hori maji huchelewa na huenda yasifikie kimo kilichoandikwa kwa ajili ya bandari, hivyo namba zako zaweza kupotoka sentimita kadhaa. Lakini zitapotoka kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Kama mkoko wenyewe (aina yenye mizizi ya magoti marefu) umesimama kati ya 2.4 na 3.0 kwa vipimo vyako, basi panda mkoko kati ya 2.4 na 3.0 kwa vipimo vyako. Msitu wa jirani ndio jedwali la kweli.

Usipange shamba kwa kupima siku moja. Pima bamvua mbili. Zikipishana zaidi ya sentimita 10, pima ya tatu.

Kwa nini ilikufa?

Kabla ya kugusa mbegu, jibu swali hili kwa maandishi. Mikoko hutoa mbegu nyingi sana na bahari huzigawa bure. Pahali palipo na mti mama karibu, maji yanapita vizuri na bado hapaoti kitu, kuna kinachozuia, na mche wako wa kiriba (mfuko wa kuoteshea) utakutana nacho vilevile.

Kagua kwanza njia za maji. Barabara au tuta lililokatisha hori bila kalavati hukausha upande mmoja na kutuamisha maji upande mwingine. Mizizi inayopumua ya mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, ikikaa chini ya maji yaliyotuama kwa wiki chache, mti hufa ukiwa umesimama. Mashamba ya chumvi yaliyoachwa hubaki na kuta zake, na ndani yake jua hupandisha chumvi hadi pasiote hata mchu. Tiba ni kubomoa ukuta mahali palipokuwa na mkondo wa zamani. Mkondo huo utauona kama bonde hafifu au mstari wa udongo mweusi, na wazee wanajua ulikopita. Usichimbe mfereji mnyoofu mpya. Fuata kona za zamani, chimba kwa kina kinachofanya maji yote yatoke maji yakipwa, na udongo unaoutoa usambaze mbali kwa tabaka jembamba. Ukiurundika kando ya mfereji, umejenga tuta jingine.

Sababu nyingine ni tope jingi kwa mkupuo mmoja. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi hadi Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi na kuua mikoko mingi. Mahali kama hapo kazi huanzia kwenye mashamba ya juu ya mto.

Kama sababu ilikuwa kukata tu na maji ni mazima, chora miraba kumi ya mita 1 kwa 1 sehemu tofauti na uhesabu miche iliyoota yenyewe. Wastani ukiwa mche mmoja au zaidi kwa kila mraba, ni sawa na miche 10,000 kwa hekta, yaani kiasi kilekile ambacho ungepanda kwa mikono. Usipande. Weka zamu ya kuzuia ukataji na mbuzi, na fedha ya viriba itumike kulipa walinzi. Hili halina sherehe, lakini ni njia ya bei nafuu kuliko zote na msitu wake huwa na mchanganyiko wa miti.

Ruhusa

Tanzania Bara misitu ya mikoko ni hifadhi ya serikali, na hata kuokota mbegu kwa wingi kunahitaji kuzungumza na ofisi ya wilaya ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Zanzibar nenda kwa idara inayosimamia misitu kupitia sheha wako. Kenya ni KFS, shirika la serikali la misitu, na Sheria ya Misitu ya 2016 inavipa vyama vya kijamii vya misitu nafasi ya kuingia mkataba wa kusimamia msitu. Mkataba wa maandishi una faida ya baadaye pia: Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja wenye hekta 117 za mikoko huuza hati za hewa ya ukaa inayofyonzwa na miti, na mapato huenda kwenye maji na shule. Bila haki ya kusimamia inayotambulika, hilo halianzi.

Aina gani, wapi

Majina hubadilika kutoka Lamu hadi Mtwara, kwa hiyo mkubaliane kwanza kikundini mnaita nini nini. Kwa mpangilio wa kawaida kutoka baharini:

Mlilana, ambao sehemu nyingine huitwa mpira, hukaa mbele kabisa na hustahimili mawimbi kuliko wenzake. Mizizi yake inachomoza kama mapembe manene.
Mkoko wenye magoti marefu hufuata, kwenye tope laini linalofikiwa na maji karibu kila siku.
Muia (msinzi) na mkandaa hukaa nyuma yake, mkandaa kwenye udongo mgumu zaidi.
Mchu hupatikana mbele na nyuma kabisa, na ndio unaovumilia chumvi kali.
Kikandaa na mkomafi hukaa ukingoni mwa nchi kavu. Msikundazi hutaka maji baridi ya mto, ndiyo maana uko mwingi delta ya Rufiji.

Mkoko ndio unaopandwa kila mahali kwa sababu kijiti chake (mbegu inayoota ikiwa bado mtini) ni kirefu na rahisi kuchomeka. Urahisi huo umejaza mkoko mahali pa mlilana na mahali pa mchu. Fuata vipimo vyako vya msitu wa jirani, hata kama mbegu ya aina inayotakiwa ina usumbufu.

Usipande kabisa juu ya majani ya bahari. Hapo ni malisho ya samaki na kasa na ni kinga ya ufuo kwa namna yake. Wala usipande kwenye mchanga wa ufuo ulio wazi unaopigwa na mawimbi ya kusi. Hapo acha mlakasa utambae, na zuia watu kuchota mchanga wa kujengea.

Mbegu

Msimu hutofautiana kati ya pwani na pwani, kwa hiyo tembelea miti kila wiki mbili na uandike tarehe za kukomaa. Kijiti cha mkoko kimekomaa kikionyesha shingo ya njano kati ya kijiti na tunda, na kikiachia kwa kuguswa tu. Kijiti kibichi ukikivuta kwa nguvu unang'oa kichipukizi kilicho ndani ya tunda, na kijiti hicho hakitaota hata kikibaki kijani kwa miezi. Kosa hili hugunduliwa wakati umekwisha. Okota vilivyoanguka au tikisa tawi taratibu. Kikiwa bado na kofia ya tunda, usiichomoe, itaanguka yenyewe.

Tupa chenye tundu dogo la mdudu, kilichokunjamana au chenye doa jeusi laini. Tegemea kutupa kimoja katika kila vitano. Vilaze kivulini, vifunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya bahari, na uvipande ndani ya siku 5 hadi 7. Kuviacha kivulini siku chache kuna faida ya ziada: kaa hupenda kijiti kibichi zaidi kuliko kilichopumzika.

Mbegu ya mchu iko ndani ya ganda jembamba. Iloweke siku moja, ganda litoke lenyewe, kisha ioteshwe kitaluni. Tunda la mlilana lina mbegu ndogo nyingi. Liloweke hadi lilainike, liponde kwa mkono, osha na uzitawanye juu ya tope la kitalu.

Kitalu

Mkoko na muia mahali palipotulia hazihitaji kitalu. Mchu, mlilana na mkandaa mahali penye kaa wengi au mbuzi, ndiyo.

Chagua mahali pa kitalu panapofikiwa na maji ya kawaida ya kujaa bila mawimbi. Pakikosa maji kwa wiki nzima ya maji mafu (kujaa kudogo kati ya bamvua mbili), utalazimika kumwagilia kwa ndoo kila siku, na kikundi huchoka. Viriba vya upana wa sentimita 10 na urefu wa 15 vinatosha mchu na mkandaa, na kwa mkoko chukua vya 15 kwa 20. Toboa matundu sita hadi nane chini na ubavuni. Jaza tope la mikokoni lililochanganywa na mchanga, debe mbili za tope kwa moja ya mchanga. Tope tupu huganda na kuzuia mizizi, mchanga mtupu humwagika kiriba kinapokatwa.

Funika kwa makuti yanayopitisha nusu ya jua. Mwezi wa mwisho ondoa makuti kidogo kidogo hadi miche isimame juani yenyewe. Miche inayotoka kivulini na kwenda moja kwa moja juani huungua majani wiki ya kwanza, na watu husema ni chumvi. Baada ya miezi mitatu hadi minne, ikiwa na majani manne hadi sita, ipo tayari.

Siku za kupanda

Kwa ardhi ya chini na ya kati, anza kupanda bamvua linapokwisha na maji mafu yanaingia. Unapata karibu wiki moja ya maji madogo, mche ushike kabla ya kutikiswa. Kwa ardhi ya juu isiyofikiwa na maji mafu, fanya kinyume: panda siku mbili kabla ya bamvua ili maji yafike mapema, na ikiwezekana wakati wa masika, mvua ipunguze chumvi udongoni.

Nafasi ya mita 1 kwa 1 ni miche 10,000 kwa hekta, au 2,500 kwa shamba la mita 50 kwa 50. Mita 1.5 ni kama miche 4,440 kwa hekta, mita 2 ni 2,500. Mbele penye maji yenye nguvu tumia mita 1. Nyuma, ambako mbegu za bahari zitajaziliza, mita 2 inatosha. Ongeza asilimia 20 ya miche ya kuziba mapengo.

Kijiti cha mkoko hupandwa upande wenye kichipukizi, ule ulioshika tunda, ukiwa juu. Upande wa ncha ya mzizi huenda chini. Wageni wa kazi hii huvipindua, kwa hiyo onyesha kwa mkono kabla ya kugawa vifurushi. Toboa kwa mti kwanza, usikisukume kijiti ndani ya tope gumu, ngozi yake itachubuka. Kizame robo hadi theluthi ya urefu wake, kisha bana tope pembeni kwa vidole. Kikizama nusu hukosa hewa, kikizama kidogo huelea na maji ya jioni.

Mche wa kiriba uchimbiwe shimo la kina cha kiriba. Kata kiriba kwa wembe, usitikise udongo, uso wa udongo wa mche ulingane na uso wa tope. Kusanya viriba vyote na uvihesabu: vilivyotoka kitaluni na vilivyorudi viwe sawa.

Acha njia ya upana wa mita 3 kwa mitumbwi na wanawake wanaotafuta chaza na pweza. Msipoipanga ninyi, itakatwa katikati ya miche.

Kufuatilia, na kusoma dalili

Weka alama miraba mitatu ya mita 10 kwa 10, mmoja chini, mmoja katikati, mmoja juu. Hesabu miche hai wiki ya pili baada ya kupanda, mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili. Ukihesabu shamba zima kwa jumla utaficha jambo la maana zaidi, yaani mraba upi unakufa.

Mraba wa chini ukifa na mashina yana magamba madogo magumu yaliyong'ang'ania, ardhi iko chini mno. Usikwangue magamba, utachuna ganda la mti. Usipande tena hapo. Mraba wa juu ukikauka na majani ya njano, maji hayafiki vya kutosha, au mfereji umejaa tope. Miche iliyokatwa karibu na ardhi kama kwa mkasi ni kaa: ziba mapengo kwa miche mirefu ya kitalu. Iliyokatwa juu, majani yakiliwa, ni mbuzi au ng'ombe, na mchu ndio wanaoupenda. Miche iliyolala upande mmoja imefunikwa na mwani na takataka za plastiki. Tuma watu waondoe kila baada ya bamvua kwa miezi sita ya mwanzo. Matawi ya mlilana yakikauka kuanzia juu na yana matundu, ni wadudu wanaotoboa mti, ambao wamesumbua mlilana wa Gazi pia. Kata na uchome matawi hayo nje ya msitu.

Ziba mapengo mara moja tu, mwezi wa sita tangu kupanda. Mraba uliopoteza zaidi ya nusu usiuzibe mpaka ujue sababu.

Nyuma ya mikoko

Ukitaka mpunga upone, tuta lijengwe nyuma ya mikoko, kamwe lisiwe katikati yake. Kimo chake kiwe nusu mita juu ya bamvua kubwa kuliko zote ulilopima, na miteremko yake ilale: kwa kila mita 1 ya kimo, mita 2 za upana kila upande. Tuta lenye kuta wima huporomoka masika ya kwanza. Chini yake pitisha bomba lenye kifuniko cha bawaba upande wa bahari. Maji ya mvua yakiwa juu kuliko bahari hukisukuma na kutoka, bahari ikipanda hukibana kifungwe. Kikague kila bamvua, kijiti kimoja kikinasa hapo shamba zima huingia chumvi. Shamba lililokwisha kuingiliwa lioshwe na mvua: zuia maji ya masika yatuame siku kadhaa, yatoe yote maji yakipwa, rudia mara tatu au nne kabla ya kusia.

Kisha tafuta nafasi ambayo mikoko itarudi. Hesabu yake ni nyepesi. Ardhi inayopanda mita 1 kwa kila mita 100 ukielekea nchi kavu, bahari ikiinuka sentimita 30, ukingo wa maji husogea ndani mita 30. Ikiinuka mita 1, husogea mita 100. Makadirio ya mwaka 2100 yako kati ya takriban sentimita 28 na mita 1, kutegemea dunia itatoa hewa chafu kiasi gani. Chora mstari wa ukingo huo ardhini, uandikeni katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na ndani yake pasijengwe nyumba, tuta wala shamba la chumvi. Jambo hili huleta ugomvi mkubwa kuliko yote, kwa sababu ardhi ile ina wenyewe. Lizungumzeni mkutanoni mapema, nguzo za nyumba ya kwanza zikiwa bado hazijasimikwa.

Mwisho, choma nondo tatu za milimita 12 ndani ya msitu, zishuke mpaka zigome kwenye udongo mgumu, na uache sentimita 30 juu ya tope. Paka rangi ya kuzuia kutu. Kila miezi sita pima kilichobaki nje kutoka pande nne za kila nondo na uchukue wastani. Baada ya miaka mitatu utajua ardhi yenu inainuka milimita ngapi kwa mwaka. Ikiwa ni 5, mstari wenu wa nyuma unaweza kungoja. Ikiwa ni 1 au nondo inazidi kuonekana, anzeni kuotesha mchu na kikandaa kwenye ukingo wa nchi kavu mwaka huohuo.